Usingizi wa Mbegu za Junka: Jinsi Mimea ya Milima Mirefu Inavyooteshwa Upya

Mkulima anayepanda mahindi katika udongo wenye unyevu hutazamia kuona miche kabla ya majuma mawili kupita. Isipoota, husema kwamba mbegu zimekufa, au zimeliwa na wadudu, au aliyemwuzia alimpunja. Mkulima huyo ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu mahindi, mtama, mpunga na maharage ni mimea iliyochaguliwa na binadamu kwa maelfu ya miaka. Mbegu iliyochelewa kuota haikufika kwenye mavuno, na kwa hiyo haikupandwa tena msimu uliofuata. Tabia ya kuchelewa ikachujwa kidogo kidogo mpaka ikakaribia kutoweka.

Mimea ya porini haikupitia chujio hilo. Mbegu zake nyingi, hata zikipewa maji, hewa na joto la kutosha, hukaa kimya kwa miezi au miaka. Zi hai, wala hazina ugonjwa wowote, lakini haziko tayari. Hali hiyo huitwa usingizi wa mbegu, na anayetaka kuotesha mimea ya porini hapana budi aielewe kabla ya kushika jembe. Miongoni mwa mimea inayouonyesha usingizi huo waziwazi ni ile mimea myembamba, ya kijani kibichi, inayomea kando ya vijito na katika changarawe za milima mirefu ya nchi za baridi, na ambayo jina lake la kitaalamu ni Juncus.

Kiswahili hakina jina moja linaloutenga mmea huu na jamaa zake. Mtu wa kawaida akiuona huuita nyasi, au ndago, au huudhania kuwa matete machanga. Katika makala haya utaitwa junka. Njia rahisi ya kuutambua ni kulichunguza shina lake. Shina la nyasi aghalabu lina uwazi ndani na vifundo vinavyoonekana kwa nje. Shina la ndago lina pembe tatu, na likibingirishwa kati ya vidole pembe hizo huhisiwa mara moja. Shina la junka ni la mviringo, halina vifundo vya kuonekana, na mara nyingi ndani yake limejaa kiini cheupe, chepesi kama sponji. Huko Uingereza, kabla ya taa za mafuta kuenea, watu maskini walikimenya kiini hicho cha junka wa bondeni, wakakichovya katika mafuta ya wanyama na kukiwasha usiku kama utambi.

Ua la junka ni dogo na halina rangi ya kuvutia, lakini likitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana lina vipande sita vilivyopangwa kama vya yungiyungi. Halihitaji kumvutia nyuki, maana huchavushwa zaidi na upepo. Hatimaye hugeuka kuwa kifuko kikavu ambacho hupasuka katika sehemu tatu na kumwaga mbegu nyingi. Mbegu moja ina urefu wa nusu milimita hivi, na gramu moja ya mbegu huwa na makumi ya maelfu ya mbegu. Mwalimu akiwamwagia wanafunzi mbegu hizo mezani, wengi watadhani ni vumbi la ugoro. Udogo huo ukumbukwe, kwa maana ndio unaoeleza sehemu kubwa ya mambo yatakayofuata.

JERAHA LA LOGAN PASS

Katika jimbo la Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani, iko hifadhi ya taifa iitwayo Glacier, iliyoanzishwa mwaka 1910. Barabara moja maarufu, iitwayo Going-to-the-Sun, huivuka milima ya hifadhi hiyo. Ilifunguliwa rasmi mwaka 1933. Mahali pa juu kabisa pa barabara hiyo ni Logan Pass, kiasi cha mita 2,025 kutoka usawa wa bahari. Namba hiyo haiwezi kumshangaza mtu wa Njombe au Limuru, ambako watu hulima na kufuga katika kimo kama hicho. Lakini Montana iko mbali sana na ikweta, na huko Logan Pass miti mirefu hushindwa kumea. Theluji huifunika ardhi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mahali pengi hapaonekani udongo mpaka mwishoni mwa Juni au ndani ya Julai. Mmea wa hapo una miezi miwili, au mitatu kwa bahati, ya kuchipua, kuchanua na kukomaza mbegu.

Hifadhi hiyo hutembelewa na watu wengi mno. Mwaka 2017 pekee walipita milioni 3. Sehemu kubwa yao husimama Logan Pass na kuteremka magarini ili kuyaona maua. Nyayo zikipita mara nyingi mahali pamoja, majani hupondeka, mizizi hufichuka, na udongo hushindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Ujenzi na ukarabati wa barabara nao huacha kingo zilizo tupu.

Mtu anaweza kufikiri kwamba ardhi iliyoachwa tupu itajiponya yenyewe. Shambani hufanya hivyo, na magugu yakajaa katika msimu mmoja. Mlimani haifanyi hivyo kwa urahisi, na sababu mojawapo ni barafu. Usiku wa baridi, maji yaliyo ndani ya udongo tupu huganda, yakajitokeza juu kama sindano nyingi zilizosimama wima, nazo huinua punje za udongo pamoja na chochote kilichoota hapo. Asubuhi jua likitoka sindano huyeyuka, udongo huanguka, na mche mchanga huachwa umelala ubavu, mizizi yake imekatika. Jambo hilo likirudiwa usiku baada ya usiku, kovu la miaka kumi linaweza kuonekana kama la jana.

Zamani kingo za barabara nyingi za namna hiyo zilipandwa nyasi za kigeni zinazoota haraka. Zilizuia mmomonyoko kwa muda, lakini nyingine zilianza kusambaa na kuwasukuma wenyeji. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 hifadhi ya Glacier imekuwa na kitalu chake cha kuotesha mimea ya asili ya pale pale, kutokana na mbegu zilizokusanywa katika milima ile ile. Junka ni miongoni mwa mimea hiyo. Aina mbili, Juncus drummondii na Juncus parryi, humea katika miteremko ya changarawe ambako theluji huchelewa kuyeyuka. Mashina yao hukua kwa kusongamana katika vishungi, na mizizi yao hushika udongo barabara. Mbegu zao zina vijimkia vyeupe kila upande. Aina ya tatu, Juncus mertensianus, yenye kichwa kimoja cheusi cha maua, hupenda kingo za vijito na mahali panapochuruzika maji ya theluji, na mbegu zake hazina mikia.

Kazi hii yote husimama au huanguka juu ya jambo moja, nalo ni kuziamsha mbegu.

MBEGU INANGOJA NINI?

Fikiria mbegu ya junka iliyokomaa mwezi Septemba huko Logan Pass. Ikidondoka juu ya udongo wenye unyevu siku yenye jua, inayo yote ambayo kitabu cha darasa la kwanza la sekondari husema mbegu huhitaji: maji, hewa na joto. Kama ingeota siku hiyo, mche wake mwembamba kama unywele ungekutana na theluji ukiwa na umri wa majuma matatu, na ungekufa. Kwa hiyo, katika maelfu ya vizazi, mbegu zilizoharakisha ziliangamia na watoto wao hawakuonekana, ambapo zile zilizochelewa mpaka majira ya baridi yapite zilirithisha ucheleweshaji wao. Hapa maumbile yamefanya kinyume kabisa cha yale aliyoyafanya mkulima wa mahindi.

Lakini mbegu haina kalenda. Itajuaje kwamba majira ya baridi yamepita? Jibu ni kwamba huyapima. Ndani ya mbegu zilizolala kwa namna hii kuna mashindano ya homoni mbili. Moja, asidi ya absisiki, huzuia kiinitete kisikue. Nyingine, jiberelini, hukihimiza. Mbegu ikikaa katika unyevu na baridi, yaani kati ya nyuzi 1 na 10 za sentigredi, kwa majuma mengi mfululizo, nguvu ya ile ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Siku chache za baridi hazitoshi. Theluji ya mapema ya Oktoba, inayoyeyuka baada ya siku tatu, haiwezi kuidanganya mbegu.

Mambo mawili hapa hukosewa mara kwa mara hata na watu waliosoma. La kwanza ni kudhani kwamba mbegu inahitaji kugandishwa. Haihitaji; mabadiliko yanayotakiwa ni ya kikemikali, na katika barafu kamili hayaendelei vizuri. Theluji nene ni kama blanketi. Hewa ya juu yake inaweza kushuka chini ya sifuri kwa nyuzi ishirini au zaidi, lakini udongo ulio chini yake hukaa karibu na sifuri, na huko ndiko mbegu hufanya kazi yake ya kimya. La pili ni kusahau maji. Mbegu kavu iliyofungwa katika bahasha na kuwekwa ndani ya jokofu kwa miezi sita haitakuwa imepita katika majira yoyote ya baridi. Itakuwa imehifadhiwa tu, na itatoka imelala kama ilivyoingia. Hazina kubwa za mbegu, kama ile ya Wakehurst nchini Uingereza iliyofunguliwa mwaka 2000, hutumia sifa hiyo hiyo: mbegu hukaushwa sana, kisha huwekwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, ili chochote kisitokee ndani yake.

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wana hatari ya kosa jingine, linalotokana na ujuzi wao wenyewe. Wengi wamewahi kuona mbegu za mgunga au lusina zikimwagiwa maji ya moto kabla ya kupandwa, na wakajifunza kwamba mbegu isiyoota huamshwa kwa moto au kwa kukwaruzwa. Kwa mbegu hizo ni kweli. Usingizi wa mgunga umo katika ganda, ambalo halipitishi maji; ganda likipasuka, kiinitete kilicho tayari hunywa maji na kuota. Mtaalamu wa Kirusi, Marianna Nikolaeva, ndiye aliyeweka msingi wa kuzipambanua aina za usingizi wa mbegu katika miaka ya 1960, na mpango wake, uliokuzwa baadaye na wengine, hutumika hadi leo. Katika mpango huo mgunga na junka wako katika makundi mbalimbali. Ganda la junka hunywa maji bila taabu. Likilowana hata hutoa ute unaonata, ambao huisaidia mbegu kushika miguu ya ndege na wanyama. Kizuizi cha kuota kimo ndani, katika kiinitete na tishu zinazokizunguka. Maji yanayochemka hayatakiondoa kizuizi hicho. Yataipika mbegu.

NURU ILIYO CHACHE

Baridi ikishapita, mbegu ya junka bado huuliza swali la pili: iko kina gani ndani ya udongo? Mbegu ya haragwe haina haja ya kuuliza, kwa kuwa imebeba chakula cha kutosha kusukuma kichwa chake kutoka kina cha vidole vitatu. Mbegu ya nusu milimita imebeba chakula kidogo mno. Ikiota chini ya sentimita mbili za udongo, itakwisha nguvu gizani kabla ya kuliona jua. Kwa hiyo mbegu za junka kwa kawaida haziko tayari kuota mpaka ziione nuru, na nuru haipenyi udongo zaidi ya milimita chache.

Kwamba mbegu inaweza kuona ni jambo lililofahamika kwa namna ya ajabu. Mwaka 1952, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Beltsville, katika jimbo la Maryland, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walizimulika mbegu za saladi zilizolowana kwa nuru za rangi mbalimbali. Nuru nyekundu iliziotesha. Nuru nyekundu iliyo mbali zaidi, ile ambayo jicho la binadamu huiona kwa shida, ilizizuia. Wakazimulika kwa zamu, nyekundu, kisha ya mbali, kisha nyekundu tena, mara nyingi. Na kila mara mbegu zilifuata amri ya mwisho. Chombo kinachopokea amri hiyo ni rangi ya protini iitwayo fitokromu, ambayo hugeuka kutoka umbo moja hadi jingine kama swichi ya taa.

Fitokromu humwambia mmea zaidi ya habari ya kina. Majani ya kijani hunyonya nuru nyekundu na kuiacha ile ya mbali ipite. Mbegu iliyo juu ya udongo lakini chini ya kivuli cha mimea mingine hupata nuru yenye nyekundu kidogo, na hivyo hujua kwamba mahali pamekwisha kukaliwa. Kuna ishara ya tatu pia, nayo ni tofauti ya joto kati ya mchana na usiku. Udongo tupu hupata joto sana mchana na kupoa sana usiku, ambapo udongo uliofunikwa na majani, au na maji, hubadilika kidogo tu. Utafiti uliofanywa Uingereza na Ken Thompson na Philip Grime, na kuchapishwa mwaka 1983, ulionyesha kwamba mimea mingi ya porini huitumia tofauti hiyo kuwa ishara ya kuota, wakiwamo wa maeneo ya majimaji. Kwa junka wa kinamasini tofauti kubwa ya joto humaanisha kwamba maji yamepungua na tope limefichuka.

Mbegu ambayo haikupata ishara hizo haifi upesi. Hufunikwa na udongo ikangoja. Katika tope la vinamasi vya Ulaya, junka ni miongoni mwa mimea ambayo mbegu zake huchimbuliwa zikiwa nyingi na hai, hata mahali ambapo mmea wenyewe haujaonekana kwa miongo kadhaa. Jaribio la kale zaidi linaloendelea kuhusu umri wa mbegu lilianzishwa na William Beal huko Michigan mwaka 1879. Alizika chupa 20 zenye mbegu za porini ili zifukuliwe moja moja. Chupa iliyofukuliwa mwaka 2021 bado ilikuwa na mbegu za Verbascum zilizoota. Beal hakuweka junka ndani ya chupa zake, na hilo ni la kusikitisha, maana lingekuwa jaribio zuri.

KAZI YA KITALUNI

Baada ya kuyajua hayo, kazi ya mwoteshaji si ya uchawi. Anachofanya ni kuiigiza miezi tisa ya mlimani, hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja.

Vifuko hukusanywa vikiwa vya kahawia, kabla tu ya kupasuka. Siku chache za kuchelewa humwachia mkusanyaji maganda matupu. Huchukuliwa sehemu ndogo tu kutoka kila kishungi, na kutoka vishungi vingi vilivyo mbalimbali, ili mlima usinyang'anywe akiba yake na ili miche isiwe ya ukoo mmoja. Huwekwa katika mifuko ya karatasi, si ya plastiki, kwa sababu plastiki hutunza unyevu na kuleta ukungu. Vikikauka hutikiswa juu ya chekeche laini, mbegu zikatenganishwa na makapi.

Udongo wa kupandia huchujwa, hulowanishwa kabisa, na kusawazishwa. Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu laini, maana bila hivyo kidole kimoja humwaga mbegu elfu mahali pamoja. Mchanganyiko hunyunyizwa juu na kushindiliwa kidogo kwa ubao. Haufunikwi. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mkono wa mkulima umezoea kufukia. Mbegu ya junka iliyofukiwa kwa heshima zote za kilimo itakaa hapo mpaka mwoteshaji astaafu. Maji hayamwagwi kutoka juu, kwa kuwa tone moja kubwa huzizamisha. Sinia huwekwa ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo ukayanyonya kutoka chini.

Katika nchi za theluji njia iliyo rahisi kuliko zote ni kupanda majira ya kupukutika majani na kuziacha sinia nje, chini ya theluji, kwa miezi mitano hivi. Asiye na theluji hutumia jokofu la kawaida, katika nyuzi 3 hadi 5. Mbegu zilizolowana huwekwa humo na kuangaliwa kila juma zisikauke. Zikitolewa hupewa nuru, mchana wenye joto la nyuzi 20 au zaidi, na usiku ulio baridi. Miche huanza kuonekana katika majuma machache, mingi kwa wakati mmoja kama nywele zinazoota kichwani. Adui wake mkubwa wakati huo ni kuvu na vimea vya kijani vya majimaji, ambavyo hupenda hali ile ile na hukua upesi zaidi.

Miche haitenganishwi mmoja mmoja. Hung'olewa kwa mafungu madogo na kuhamishiwa katika vikopo virefu vinavyoipa mizizi nafasi ya kushuka. Huko hukaa mwaka mmoja au miwili. Baadaye hurudishwa mlimani, hupandwa katika udongo uliolegezwa, na kuzungukwa na mawe madogo au matandazo ambayo huzuia zile sindano za barafu.

MILIMA YA KWETU

Junka wa Montana wana jamaa katika milima ya Afrika Mashariki. Kilimanjaro na Mlima Kenya una mimea ya jenasi Luzula, ambayo ni ya familia moja na junka. Hutofautiana nao kwa majani yenye nywele ndefu kingoni, na kwa kifuko ambacho kina mbegu tatu tu badala ya nyingi. Luzula abyssinica ni mojawapo.

Je, mbegu za milima hii nazo zilale katika jokofu miezi mitano? Mwanafunzi mwangalifu atasita kabla ya kujibu ndiyo. Mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, Olov Hedberg, aliyeizuru milima hii mwaka 1948 na kuiandikia kwa miaka mingi, alieleza kwamba hapo juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi. Theluji ya Julai haitofautiani sana na ya Februari. Huanguka usiku, na aghalabu huyeyuka kabla ya adhuhuri. Mbegu ambayo ingedai majuma ishirini ya baridi yasiyokatizwa ingengoja bure. Ishara zinazopatikana hapa ni nyingine: mvua za masika na vuli, nuru, na ile tofauti kali ya joto kati ya mchana na usiku. Kanuni za kitalu cha Montana haziwezi kunakiliwa hapa kama zilivyo. Kinachoweza kunakiliwa ni swali lake, yaani mbegu hii, mahali hapa, hufa ikiota wakati gani?

Swali hilo si la anasa. Mwezi Oktoba 2020 moto uliunguza makumi ya kilomita za mraba za miteremko ya juu ya Kilimanjaro, na mwaka 2022 moto mwingine ukafuata. Udongo uliofichuliwa na moto katika kimo hicho hukutana na sindano za barafu usiku ule ule. Njia za wapanda mlima nazo hupanuka kwa namna ile ile kama za Logan Pass. Atakayetaka kuyafunika makovu hayo kwa mimea ya pale pale, badala ya nyasi za kununua, atahitaji kujua mbegu zipi zimo tayari ndani ya udongo na huamshwa na nini.

JARIBIO LA DARASANI

Shule haina haja ya kwenda Kilimanjaro, na kukusanya mbegu ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa la sheria. Vinamasi vya nyanda za juu za Afrika Mashariki vina junka wa kwao, mathalani Juncus oxycarpus, na wanafaa sana.

Chukua vifuko vilivyokomaa, toa mbegu, na uzitazame kwa kioo cha kukuzia zikiwa kavu na baada ya kulowana, uone ule ute. Kisha andaa visahani vinane vyenye karatasi ya kuchujia iliyolowana. Weka mbegu 50 katika kila kimoja. Huokotwa kwa ncha ya brashi ya rangi iliyoloweshwa. Vinne viingie katika jokofu kwa majuma manane, vikiwa vimefungwa ili visikauke, na vinne viachwe nje. Baada ya hapo, katika kila kundi, viwili viwekwe dirishani na viwili vifungwe kabisa kwa karatasi ya bati. Visahani vya gizani vinapaswa kulowanishwa na kufungwa tangu siku ya kwanza, maana mbegu iliyolowana ikimulikwa dakika chache tu inaweza kuwa imekwisha pokea amri. Kwa sababu hiyo hiyo visifunguliwe kuchungulia. Vihesabiwe mara moja tu, siku ya 30, ambapo vya dirishani vinaweza kuhesabiwa kila siku na kuchorewa grafu.

Kutumia visahani viwili kwa kila hali, badala ya kimoja, huwawezesha wanafunzi kuona jinsi hali moja ile ile inavyoweza kutoa majibu yanayopishana. Kama visahani viwili vya dirishani vimetoa miche 31 na 38, basi tofauti ya miche mitano kati ya dirishani na gizani haina maana ya kutosha kuandikwa katika ripoti.

Mbegu ambazo hazikuota zisitupwe kabla ya kuchunguzwa. Kila moja ibonyezwe kwa ncha ya sindano. Ikiwa ni laini na inatoa maji ya kahawia, imeoza, na ihesabiwe kuwa imekufa. Ikiwa ngumu, na ndani yake ni nyeupe, imelala. Nyingine za kisahani hicho hicho zilizo ngumu zirudishwe katika unyevu wa jokofu kwa majuma manane mengine, kisha zipelekwe tena dirishani.